Moyo wa mezani: jinsi ya kuunda mtambo wa kupima vali ya moyo inayovuja

Vali ya mitrali ni mlango wa njia moja kati ya chemba mbili za upande wa kushoto wa moyo. Ina mapazia mawili, la mbele na la nyuma. Yameshikwa na nyuzi nyembamba zinazoteremka hadi kwenye misuli miwili midogo iliyochomoza kutoka ukuta wa chemba ya chini. Moyo ukijikamua, presha ya chemba ya chini hupanda hadi mmHg 120 hivi (milimita za zebaki, kipimo cha presha ya damu), na mapazia hubanana. Yasipobanana sawasawa, damu hurudi ilikotoka.

Uganda ina sababu zake za kuichunguza vali hii. Homa ya baridi yabisi, inayoanza na maambukizi ya koo utotoni, hukunjamanisha mapazia na kufupisha nyuzi. Tena kuna ule ugonjwa wa kovu ndani ya moyo ambao daktari J.N.P. Davies aliueleza akiwa Kampala mwaka 1948. Kovu lake hulinasa pazia la nyuma ukutani, likabaki halifiki kwa mwenzake. Mambo haya mawili unaweza kuyaigiza mezani, kwa maji ya chumvi na moyo wa mnyama, ukahesabu ni mililita ngapi zinarudi.

Mtambo unaoelezwa hapa unajengwa kwa awamu mbili. Kwanza mnara wa maji unaosukuma vali kwa presha isiyobadilika, kisha, kwa anayehitaji, pampu ya mapigo. Wengi hukimbilia pampu kwa sababu inapendeza machoni. Ni kosa. Vali iliyoshonwa vibaya itavuja kwenye pampu pia, ila huko hutajua kama unaona ugonjwa au mshono wako mwenyewe.

Hatua ya 1: Mnara wa maji

Presha unaipata kwa kimo. Maji ya kimo cha sentimita 136 yanatoa mmHg 100, na ya sentimita 163 yanatoa mmHg 120. Chukua jerikeni ya lita 20, ikate juu, uiweke kwenye stendi imara ya chuma. Fundi yeyote wa Katwe atakuchomelea. Toboa ubavuni tundu la inchi moja na ufunge bomba la kumwaga ziada. Pampu ndogo inapandisha maji bila kukoma kutoka beseni la chini, na yanayozidi yanarudi kwa bomba hilo. Hivyo usawa wa maji hausogei hata vali ikivuja sana.

Pampu ndipo watu wanapopunjwa. Takwimu iliyoandikwa kwenye boksi ni ya maji yasiyopandishwa popote. Uvujaji mkali unafika ml 200 kwa sekunde, yaani lita 12 kwa dakika, na pampu yako lazima itoe zaidi ya hapo ikiwa imepandisha maji mita 2. Nunua iliyoandikwa lita 2,000 kwa saa au zaidi, yenye uwezo wa kupandisha angalau mita 4. Ya volti 12 inayotumia betri ni bora kuliko ya volti 240 kwa sababu mbili: umeme ukikatika kipimo hakiharibiki, na mikono yako itakuwa ndani ya maji ya chumvi kutwa nzima.

Mpira wa kuteremshia maji uwe wa inchi moja, usiwe wa nusu inchi. Kupitisha ml 200 kwa sekunde kwenye mita 2 za mpira wa nusu inchi kunakula zaidi ya nusu ya presha kabla maji hayajafika kwenye vali. Katika wa inchi moja unapoteza mmHg 3 hivi.

Maji yachemshwe, yapoe, kisha utie gramu 9 za chumvi kwa kila lita. Lita 40 zinataka gramu 360. Maji matupu huvimbisha nyama ya vali. Kuchemsha kuna faida ya pili: hewa iliyoyeyuka inatoka, na mapovu yanapungua. Glaserini inayotumika kuiga mnato wa damu, kiasi cha asilimia 36 hadi 40 ya ujazo, iache kwa vali za silikoni. Kwenye vali ya mnyama hufyonza maji, na pazia linakakamaa mbele ya macho yako. Ukiitumia, kumbuka mchanganyiko huo ni mzito kuliko maji kwa karibu asilimia 10, kwa hiyo mmHg 100 unaipata kwa sentimita 124 tu.

Hatua ya 2: Sanduku la vali

Unda sanduku la perspeksi, plastiki ngumu inayoona ndani, lenye urefu, upana na kimo cha sentimita 15 ndani. Hili ndilo chemba ya chini. Perspeksi iwe ya mm 10. Kwa mmHg 100 kila ukuta unasukumwa kwa nguvu ya kilo 30 hivi, na ile ya mm 4 ya kutengenezea mabango itapinda kisha itaachia kwenye kona. Kifuniko kifungwe kwa boliti 8 juu ya mpira laini wa mm 3. Katikati yake kata tundu la mm 45, ambako vali itakaa ikitazama juu. Juu ya kifuniko gundisha bakuli la perspeksi lenye mdomo wa kumwagia. Hilo ni chemba ya juu. Mdomo uwe sentimita 5 juu ya vali, ili vali ibaki ndani ya maji muda wote.

Kimo cha mnara kipimwe kutoka mdomo huu hadi usawa wa maji kwenye jerikeni. Ukipima kutoka sakafuni au kutoka chini ya sanduku, namba zako zote zitakuwa za uongo, na hutajua.

Chini ya sanduku pitisha fito mbili za chuma kisichoshika kutu, zenye hesi za M6 (kipenyo cha mm 6), kila moja ndani ya nati iliyogundishwa na pete ya mpira ya kuzuia maji. Ndizo zitakazoshika misuli midogo miwili. M6 ya kawaida husogea mm 1 kwa kila mzunguko mmoja, kwa hiyo spana yako inageuka kuwa rula. Chuma cha kawaida usikikubali hata kwa bei ya bure. Siku tatu ndani ya chumvi na nati haizunguki tena.

Malizia kwa matundu matatu: la kuingizia maji, dogo la kutolea hewa kwenye kona ya juu kabisa, na lingine ubavuni la mrija mwangavu wa kipimo uliosimamishwa wima na kufungwa kando ya futi ya fundi. Mrija huo ndio unaokuambia presha halisi ndani ya sanduku. Mnara unakuambia tu ile uliyoitarajia.

Hatua ya 3: Kabla ya moyo, sahani yenye tundu

Usiweke nyama yoyote kwenye mtambo mpaka umepita jaribio hili. Kata sahani ya bati la mm 1, toboa tundu la mm 5 lenye ukingo mkali, ifunge mahali pa vali. Fungulia maji, weka mmHg 100, kinga yanayomwagika kwenye chombo chenye alama, shika saa ya simu.

Kwa presha hiyo maji yanatoka kwa kasi ya mita 5 hivi kwa sekunde. Tundu la mm 5 lina eneo la sm² 0.196, na kwa kuwa mkondo husinyaa unapopita kwenye ukingo mkali, linalotumika kweli ni asilimia 60 hivi ya eneo hilo. Unatarajia karibu ml 60 kwa sekunde, yaani lita moja kwa sekunde 16 au 17.

Ukipata sekunde 13, ukingo wa tundu una mviringo, au maji yanapenya kando ya sahani. Ukipata sekunde 22, kuna kizuizi njiani: mpira umejikunja, koki ni nyembamba, au povu limekaa kwenye kiwiko. Tazama mrija wa kipimo wakati maji yanatiririka, usiutazame yakiwa yametulia. Maji ndani yake yakishuka zaidi ya sentimita 5, njia yako ni nyembamba. Rudia kwa tundu la mm 7, unapaswa kupata karibu ml 120 kwa sekunde. Mtambo ukikubali sahani zote mbili, sasa unaweza kuuamini.

Hatua ya 4: Kupata moyo

Moyo wa nguruwe ndio unaokaribiana zaidi na wa binadamu kwa ukubwa na umbo la vali. Kampala, machinjio ya Wambizzi kule Nalukolongo ni ya nguruwe. Chagua moyo wa gramu 250 hadi 350. Asiyegusa nguruwe atumie wa kondoo, ila tundu la kifuniko liwe dogo zaidi, au wa ndama, na liwe kubwa.

Kuna jambo ambalo miongozo iliyoandikwa ng'ambo hailigusi. Mkaguzi wa nyama hupasua moyo wa nguruwe kutafuta vifuko vya minyoo ya tegu, na ana haki. Usimwombe aache. Lakini moyo uliopasuliwa chemba ya kushoto hauwezi tena kujazwa maji kwa presha, na hii ndiyo sababu kubwa ya mtambo huu kutumia vali iliyokatwa badala ya moyo mzima: ukuta ukipasuliwa hakuna hasara, mradi vali, nyuzi na misuli yake midogo vimesalimika. Mweleze mkaguzi unachotafuta, umwombe akate upande wa ncha na asifike theluthi ya juu. Mwambie pia mchinjaji aache sentimita 3 za aota, yaani mshipa mkuu unaotoka moyoni, na asiikate chemba ya juu kwa pupa.

Kabla ya kulipa, ingiza kidole kutoka chemba ya juu hadi ya chini. Utazigusa nyuzi zimekaza kama za zeze. Ukikuta nafasi tupu upande mmoja, kisu kilishapita.

Suuza damu kwa maji ya chumvi, funga kwa kitambaa kilicholowa maji hayo hayo, weka kwenye friji ya nyuzi joto 4, utumie ndani ya saa 48. Ukilazimika kugandisha, yeyusha polepole ndani ya friji usiku kucha. Formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, usiikaribie: pazia linakuwa gumu kama ngozi ya ngoma.

Hatua ya 5: Kukata na kushona

Pima kwanza, kata baadaye. Fungua chemba ya juu, upime upana wa pete ya vali, yaani ukingo wa mviringo unaoshika mapazia, kutoka kona hadi kona, mara nyingi mm 28 hadi 34, kisha kina kutoka pete hadi ncha ya kila msuli mdogo. Piga picha na rula ikiwa pembeni. Vipimo hivi ukishakata hutavipata tena, na bila hivyo fito zako zitakuwa za kubahatisha.

Kata chemba ya juu ukibakiza ukosi wa mm 5 kuzunguka pete. Kwa chini, pasua ukuta kati ya misuli miwili midogo, kisha ung'oe kila msuli ukiwa na kipande cha mm 15 cha nyama chini ya nyuzi. Sehemu ya hatari ni upande wa aota. Pazia la mbele la mitrali na ukuta wa aota ni kitambaa kimoja kinachoendelea, na anayekata karibu karibu hulitoboa pazia bila kujua. Pita ndani ya aota yenyewe na ubakize ukingo wake wote.

Shona ukosi kwenye pete ya kitambaa cha poliesta kwa uzi wa hariri wa hospitali namba 2-0. Mishono ipishane kwa mm 4 au 5, na kila mmoja upite kwenye nyama, usipite kwenye pazia. Uzi wa kuvulia samaki wa mwalo wa Ggaba unafaa ukiwa wa kusokotwa. Ule wa plastiki unaong'aa fundo lake hufunguka lenyewe. Ibane pete ya kitambaa kati ya kifuniko na sahani ya pili. Kila msuli mdogo uvike kitambaa, uushone kwa mishono sita au zaidi, ndipo uufunge kwenye fito. Mishono miwili mitatu hukata nyama kama waya unavyokata sabuni, na hilo hutokea presha ikishafika mmHg 80, si kabla.

Hatua ya 6: Vali nzima isivuje

Jaza sanduku polepole, ukiwa umeliinamisha ili hewa itokee kwenye kona. Pandisha hadi mmHg 30, utazame kutoka juu. Mapazia yakutane kwa mstari mmoja wenye umbo la tabasamu. Pazia likipanda kupita usawa wa pete, fito ya upande huo imelegea, ishushe nusu mzunguko. Likibaki chini na kuacha mwanya, imevutwa mno. Songa mmHg 60, kisha 100, ukirekebisha nusu mzunguko kwa wakati mmoja.

Kwa mmHg 100, vali isiyo na kasoro ikivuja zaidi ya ml 5 kwa sekunde, kosa ni lako. Kiasi hicho ni sawa na tundu la mm 1.4. Tia tone la wino wa buluu ndani ya sanduku kwa sindano, uone unachomokea wapi. Ukitokea katikati, shughulika na fito. Ukitokea pembeni, ongeza mshono. Andika kiasi kilichobaki, maana utakitoa kwenye kila kipimo kinachofuata.

Hatua ya 7: Kuivujisha kwa makusudi

Daktari Mfaransa Alain Carpentier alipanga uvujaji kwa jinsi mapazia yanavyotembea, na mpangilio wake unafaa sana mezani.

Aina ya kwanza, mapazia yanatembea kawaida: tumia pete ya kitambaa iliyo pana kwa mm 4, au toboa pazia. Aina ya pili, pazia linapitiliza: kata uzi mmoja wa katikati ya pazia la nyuma, upime, kisha wa pili, upime tena. Wa kwanza mara nyingi hauleti tofauti kubwa, na wengi hudhani wamekosea. Nyuzi zina akiba, na uvujaji huja kwa kishindo zikipungua kupita kiasi. Aina ya tatu, pazia limezuiwa: shusha fito mizunguko 3 hadi 5. Kuiga baridi yabisi, shona pembe mbili za vali zikutane kwa mm 3 na ufupishe nyuzi kwa kuzifunga fundo. Kuiga lile kovu la Davies, vuta pazia la nyuma kwa mishono miwili kuelekea chini hadi lisisogee, na uliache la mbele huru.

Anza na zile zinazorudishika, yaani fito na mishono. Kisu kiwe cha mwisho. Kwa kila hali pima mara tatu, ukifunga na kufungua maji katikati. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, tafuta povu.

Kugeuza namba kuwa lugha ya kliniki ni rahisi. Gawanya ml kwa sekunde kwa 500, unapata eneo la uvujaji kwa sm². Chini ya 0.20 ni uvujaji mdogo, kuanzia 0.40 ni mkali. Hiyo 0.40 ni ml 200 kwa sekunde, na kwa kuwa moyo hujikamua kwa karibu sekunde 0.3, ni ml 60 kwa pigo. Hicho ndicho kipimo ambacho mpimaji wa mashine ya mawimbi ya sauti naye hukitumia. Ukiwa na mashine hiyo, tia konstachi kidogo ndani ya maji, la sivyo haitaona mkondo wowote.

Hatua ya 8: Mapigo

Nenda soko la vipuri la Kisekka, Kampala, ununue mota ya waipa ya gari. Nyingi huzunguka mara 45 hivi kwa dakika kwenye kasi ndogo na mara 65 hivi kwenye kubwa, na kasi hiyo ya pili ni mapigo ya mtu aliyetulia. Iunge na pistoni ndani ya silinda yenye kipenyo cha ndani cha mm 60. Mkono wa mm 16 kutoka katikati ya mota unasukuma ml 90 kwa pigo, wa mm 12.4 unasukuma ml 70. Nguvu inayohitajika ni ya kilo 5 tu, mota haitahema.

Sasa maji ya mnara yanafungwa, silinda inaungwa na sanduku badala yake, na sanduku linapata njia ya kutokea: vali ya fundi bomba ya kuzuia maji kurudi, ya inchi moja, yenye ulimi wa kuning'inia. Ile yenye springi inakula presha bure. Baada yake weka chemba ya hewa iliyosimama wima, bomba la inchi 4 lililofungwa juu, ili presha isishuke hadi sifuri kati ya mapigo. Kiasi cha hewa kinategemea mahali ulipo. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ina presha ya mmHg 660 hivi badala ya 760. Ukitaka mnyumbuko wa ml 1.5 kwa mmHg, yaani chemba ipokee ml 1.5 za maji kwa kila mmHg inayopanda, zidisha 1.5 kwa jumla ya 660 na 100: ml 1,140. Ndani ya bomba hilo ni sentimita 14 au 15 za hewa. Hewa hujipenyeza majini taratibu, hivyo angalia usawa kila nusu saa. Mwisho weka koki ya kubana, uirekebishe hadi presha icheze kati ya 80 na 120, kisha maji yarudi kwenye bakuli la juu.

Uvujaji hapa unapatikana kwa kutoa. Kinga maji yanayotoka kwa mapigo 30, ugawanye. Pistoni ikisukuma ml 90 na zikatoka 55, zimerudi 35, sawa na asilimia 39. Ndani yake kuna mililita kadhaa ambazo hata vali nzima huzirudisha inapojifunga, ndiyo maana ilipimwa kwanza. Pia mkono wa mota hutumia nusu nzima ya mzunguko kusukuma, wakati moyo hutumia kama theluthi. Uvujaji kwa pigo utaonekana mkubwa kuliko wa mgonjwa. Linganisha hali moja na nyingine kwenye mtambo huo huo, usilinganishe na faili la hospitali.

Mrija wa kipimo hauwezi kufuata mapigo. Tumia kihisi cha presha cha MPX5050 na Arduino, kompyuta ndogo ya kusoma vihisi. Kihisi hicho hutoa milivolti 12 kwa kila mmHg, na hakitaki maji yaguse tundu lake, kwa hiyo acha sentimita chache za hewa kwenye kimrija chake. Ukiacha nyingi, mchoro wa presha unalainika na kilele kinapotea.

Usafi

Glavu na miwani kila wakati, na kamati ya maadili ya taasisi yako ijue unachofanya kabla hujaanza. Ukimaliza, maji na vyombo vikae dakika 30 kwenye klorini ya asilimia 0.5. Dawa ya dukani yenye asilimia 3.5 changanya kipimo kimoja na vipimo sita vya maji. Mabaki ya moyo yaende kwenye tanuri la kuchomea taka, kamwe yasiwe chakula cha nguruwe au mbwa, kwa sababu ya homa ya nguruwe na minyoo. Halafu zungusha maji matamu kwenye mtambo kwa dakika 10 na uzichezeshe fito juu na chini, chumvi isije ikaganda ndani ya nati.